Matengenezo ya pampu ya joto

Matengenezo ya pampu ya joto ni kazi ya kukagua, kusafisha na kurekebisha mashine inayohamisha joto kutoka nje ya nyumba kuingia ndani, au kutoka ndani kwenda nje. Sehemu ndogo ya kazi hiyo hufanywa na mwenye nyumba. Sehemu kubwa, hasa ile inayohusu gesi ya kupoozea na umeme, ni ya fundi aliyesomea majokofu na viyoyozi.

Ugumu ni kujua wakati wa kumwita fundi. Pampu isiyo na tatizo hufanya mambo yanayomtisha mtu asiyeizoea, kama vile kutoa mvuke mwingi nje wakati wa baridi. Kinyume chake, pampu iliyoharibika inaweza kuonekana kama bado inapasha nyumba kwa miezi mingi, kwa kuwa hita ya umeme ya akiba imechukua kazi yake. Katika hali hiyo dalili ya kwanza haionekani kwenye mashine bali kwenye bili ya umeme.

Pampu za joto zimeenea hasa katika nchi zenye majira ya baridi. Norwei, Uswidi na Ufini ni kati ya nchi zenye pampu nyingi zaidi zikilinganishwa na idadi ya kaya. Hutumika sana pia Japani, na nchini Marekani hasa katika majimbo ya kusini-mashariki. Katika Afrika Mashariki mashine ya namna hiyohiyo hujulikana zaidi kama kiyoyozi, na kwa kawaida hutumika kupoza tu.

Jinsi inavyofanya kazi

Pampu ya joto haichomi mafuta wala gesi ili kupata joto. Inahamisha joto lililopo tayari. Kanuni yake ni ileile ya friji: friji huchukua joto la vyakula na kulitupa nje kupitia mabomba yaliyo nyuma au ubavuni mwake, ndiyo maana sehemu hiyo huwa ya moto. Pampu ya joto huchukua joto la hewa ya nje, ardhi au maji na kuliingiza nyumbani. Hata hewa yenye baridi chini ya 0 °C bado ina joto linaloweza kuchukuliwa.

Sehemu zake kuu ni hizi:

* Kompresa hukandamiza gesi ya kupoozea hadi iwe na shinikizo kubwa na kuwa ya moto.
* Koili ya ndani hupitisha gesi hiyo ya moto. Feni hupuliza hewa juu yake, hewa inapata joto na gesi inageuka kuwa kimiminika.
* Vali ya kupunguza shinikizo hukifanya kimiminika kiwe baridi sana.
* Koili ya nje hupokea kimiminika hicho, ambacho kinanyonya joto la hewa ya nje na kuwa gesi tena kabla ya kurudi kwenye kompresa.
* Vali ya kugeuza hubadilisha mwelekeo wa gesi, hivyo mashine ileile inaweza kupoza nyumba wakati wa kiangazi.

Aina nyingine haipulizi hewa bali hupasha maji yanayozunguka katika radieta au katika mabomba yaliyolazwa sakafuni.

Hita ya kawaida ya umeme ikitumia kilowati-saa 1 (yaani uniti 1 ya mita) hutoa joto la kilowati-saa 1. Pampu ya joto ikitumia kiasi hichohicho huweza kuleta joto la kilowati-saa 3 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo imetoka nje bure. Uwiano huo hupungua kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi, na hupungua pia mashine inapokuwa chafu au yenye hitilafu.

Kwa sababu hiyo mifumo mingi huwekewa hita ya umeme ya akiba. Hita hiyo husaidia siku za baridi kali na wakati mashine inapoyeyusha barafu. Faida yake ni kwamba nyumba haibaki na baridi. Hasara yake ni kwamba inaweza kuficha ubovu.

Historia

Mwaka 1834 Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya kupoza kwa kukandamiza mvuke. Mwaka 1852 mwanafizikia William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alieleza kwamba mashine ya namna hiyo ingeweza pia kupasha majengo joto. Katika miaka ya 1850 Peter von Rittinger wa Austria alijenga mashine iliyotumia wazo hilo katika uzalishaji wa chumvi.

Jumba la halmashauri ya mji wa Zürich, Uswisi, liliwekewa pampu ya joto mwaka 1938. Ilichukua joto kutoka mto Limmat. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, nchi nyingi zilianza kuzitilia maanani pampu hizi kwa ajili ya nyumba za kawaida.

Hali za kawaida zisizohitaji fundi

Watu wengi huita fundi kwa mambo ambayo si ubovu. Yaliyo ya kawaida zaidi ni haya:

* Mvuke na barafu nyembamba nje. Koili ya nje huwa baridi kuliko hewa, hivyo unyevu huganda juu yake, hasa hewa inapokuwa karibu na 0 °C. Kila baada ya muda mashine hugeuza mwelekeo wake kwa dakika chache ili kuyeyusha barafu hiyo. Wakati huo feni ya nje husimama, mvuke hupanda kama moshi, na maji hutiririka chini.
* Sauti ya "fyuu" au mlio mmoja wa kugonga. Hutokea vali ya kugeuza inapobadili upande mwanzoni na mwishoni mwa kuyeyusha barafu.
* Hewa ya uvuguvugu. Hewa inayotoka kwenye tanuri la gesi huweza kufikia 50 °C au zaidi, lakini ile ya pampu ya joto mara nyingi huwa kati ya 30 °C na 40 °C. Kwa kuwa mwili wa binadamu una takribani 37 °C, mkono unaweza kuihisi kama hewa baridi ingawa inapasha chumba.
* Kufanya kazi kwa muda mrefu. Mashine za kisasa zenye inveta hupunguza na kuongeza mwendo wa kompresa badala ya kuwaka na kuzima. Kunguruma polepole kwa saa nyingi ndiyo namna yake ya kuokoa umeme.
* Kuchelewa kuwaka. Baada ya kuzimwa au umeme kukatika, mashine nyingi husubiri dakika 3 hivi ili shinikizo la gesi lisawazike.

Dalili za hitilafu

Bili ya umeme na hita ya akiba

Matumizi ya umeme yakipanda sana bila sababu, ni ishara ya kuchunguzwa mapema. Ulinganisho unaofaa ni kati ya mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, kwa kutazama uniti zilizotumika na si pesa zilizolipwa, kwa sababu bei ya umeme hubadilika. Inafaa pia kukumbuka kama mwaka huo ulikuwa na baridi zaidi. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, pampu iliyotelekezwa kabisa inaweza kutumia umeme wa asilimia 10 hadi 25 zaidi ya ile inayotunzwa vizuri. Kama kompresa imekufa na joto lote linatoka kwenye hita ya akiba, matumizi yanaweza kufika mara 2 au 3 ya kawaida.

Themostati nyingi huonyesha alama wakati hita ya akiba inapowaka. Alama hiyo ni ya kawaida siku ya baridi kali, wakati wa kuyeyusha barafu, au mtu anapopandisha kiwango cha joto kwa nyuzi nyingi kwa mara moja. Ikiwaka kwa saa nyingi siku ambayo nje hakuna baridi kubwa, fundi anahitajika. Ikiwa mfumo umewekwa kwenye "joto la dharura", kompresa imezimwa kabisa na nyumba inategemea hita pekee. Mpangilio huo ni wa kungojea fundi, si wa kutumia majira yote.

Joto au ubaridi usiotosha

Nyumba isipofikia kiwango kilichowekwa, jambo la kwanza ni kuangalia chujio, themostati na matundu ya hewa. Kama haya yako sawa, sababu inaweza kuwa upungufu wa gesi, kompresa iliyochoka, vali ya kugeuza iliyokwama au feni inayozunguka polepole. Mashine inayopuliza baridi wakati imewekwa kupasha, kwa muda unaozidi ule wa kuyeyusha barafu, huenda vali yake ya kugeuza imekwama.

Wakati wa kupoza kuna kipimo rahisi. Baada ya mashine kufanya kazi kwa dakika 15, kipimajoto huwekwa mahali inapoingilia hewa kisha inapotokea. Tofauti ya kawaida ni takribani 8 °C hadi 12 °C. Tofauti ndogo sana huashiria kwamba mashine inapuliza hewa bila kuipoza ipasavyo.

Barafu isiyoyeyuka

Barafu nyembamba nyeupe ni ya kawaida. Mashine ya nje iliyogeuka pande la barafu si ya kawaida. Kama barafu imefunika koili yote au feni kwa zaidi ya saa chache, kihisi cha barafu, vali au feni huenda imeharibika, au gesi imepungua. Mashine inapaswa kuzimwa. Barafu haipaswi kuvunjwa kwa kisu, nyundo au bisibisi, kwa kuwa koili ni nyembamba na ikitobolewa gesi yote hutoka.

Barafu kwenye koili ya ndani wakati wa kupoza ni dalili ya hitilafu daima. Sababu kuu ni mbili: hewa haipiti vizuri kwa sababu ya chujio chafu, au gesi imepungua. Chujio kikisafishwa, barafu ikayeyuka, kisha ikarudi tena, kazi iliyobaki ni ya fundi.

Kuwaka na kuzima mara kwa mara

Mashine isiyo ya inveta inayowaka kwa dakika chache, kuzima, kisha kuwaka tena bila kupumzika, huchosha kompresa haraka, kwani kuanza ndiko kunakohitaji umeme mwingi zaidi. Chanzo kinaweza kuwa themostati iliyowekwa mahali pabaya, chujio kilichoziba, gesi iliyopungua au mashine kubwa kupita mahitaji ya nyumba.

Sauti, harufu na maji

Kusaga, kukwaruza au kupiga yowe huashiria beringi au feni iliyolegea. Kompresa ikivuma bila kuanza, mara nyingi kapasita imekufa. Kipuri hicho ni cha bei nafuu, lakini huhifadhi umeme hata baada ya mashine kuzimwa na kinaweza kumrusha au kumuua mtu anayekigusa.

Harufu ya uvundo hutokana na ukungu kwenye koili au maji yaliyotuama. Harufu ya kuungua waya au plastiki ni ya hatari: mashine huzimwa mara moja kwenye sakiti breka. Hita ya akiba inaweza kutoa harufu ya vumbi linaloungua inapowashwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa majira ya baridi. Hiyo huisha baada ya dakika chache.

Maji yanayodondoka ndani ya nyumba mara nyingi hutokana na bomba la kutolea maji lililoziba. Katika mifumo ya radieta, shinikizo la maji linaloshuka tena na tena baada ya kuongezwa huashiria uvujaji.

Sakiti breka

Sakiti breka ikikata mara moja, inaweza kurudishwa mara moja. Ikikata tena, haipaswi kurudishwa wala kubadilishwa kwa kubwa zaidi. Inakata kwa sababu kuna hitilafu inayoweza kuwasha moto.

Upungufu wa gesi

Dhana iliyoenea ni kwamba gesi ya kupoozea huisha kwa matumizi, kama mafuta ya gari, na kwamba inapaswa kujazwa kila mwaka. Si kweli. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haitumiki. Ikiwa imepungua, imevuja, au haikujazwa ya kutosha tangu mwanzo. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kulipia gesi itakayotoka tena. Zaidi ya hayo, kompresa hupozwa na gesi inayorudi kwake. Gesi ikiwa kidogo, kompresa hupata moto kupita kiasi na mwishowe huungua. Kompresa ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Dalili za upungufu ni barafu kwenye sehemu tu ya koili, madoa ya mafuta kwenye maungio ya mabomba, sauti ya kububujika na ubaridi au joto linalopungua kidogo kidogo. Kazi iliyofanywa vizuri hufuata hatua hizi:

# Gesi iliyobaki hunyonywa na kuhifadhiwa kwenye mtungi, haiachiliwi hewani.
# Mabomba hujazwa nitrojeni kavu kwa shinikizo, na maungio hupakwa povu la sabuni ili kuona tundu. Oksijeni haitumiki kamwe kwa kazi hii, kwa sababu ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.
# Tundu huzibwa kwa kuchomelea au kiungo hubadilishwa.
# Hewa na unyevu huondolewa kwa pampu ya ombwe.
# Gesi hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, kwa aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Fundi anayejaza gesi bila kutafuta uvujaji wala kutumia mizani ameacha tatizo lenyewe palepale. Mwenye nyumba anaweza kumwuliza maswali matatu: gesi ilivujia wapi, ni ya aina gani, na imeingia gramu ngapi.

Kazi za mwenye nyumba

* Kusafisha au kubadilisha chujio kila baada ya mwezi 1 hadi miezi 3, au mapema zaidi palipo na vumbi au wanyama wa kufugwa.
* Kuondoa majani, nyasi na theluji kuzunguka mashine ya nje, na kuacha nafasi ya angalau nusu mita.
* Kuosha koili ya nje kwa maji ya mpira yenye nguvu ndogo, baada ya kuzima umeme.
* Kuhakikisha bomba la kutolea maji halijaziba.
* Kuandika uniti za umeme zilizotumika kila mwezi.

Kazi za fundi

Kwa kawaida ukaguzi wa kitaalamu hufanywa mara moja kwa mwaka. Fundi hupima shinikizo la gesi na nyuzi za joto kwenye mabomba, hutafuta uvujaji, hukaza nyaya, hupima umeme unaovutwa na kompresa na feni, hukagua kapasita, hujaribu uyeyushaji wa barafu, na kuhakikisha kwamba hita ya akiba haiwaki bila sababu. Katika mifumo ya maji husafisha pia kichujio cha maji na kukagua tangi la kupokea maji yanayotanuka.

Pampu nyingi hudumu kwa takribani miaka 15. Kompresa ya mashine iliyokaribia umri huo ikifa, mara nyingi inafaa zaidi kununua mashine mpya.

Sheria na mazingira

Gesi za kupoozea huathiri mazingira zikivuja. R-22, iliyotumika kwa miongo mingi, huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-410A iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini kilo 1 yake hupasha dunia joto kama kilo 2,000 hivi za dioksidi kabonia. R-32 ina takribani theluthi moja ya athari hiyo, na R-290, ambayo ni propani, ina athari ndogo sana. Hata hivyo R-32 huweza kuwaka kwa kiasi, na propani huwaka kwa urahisi, hivyo mashine zake hazipaswi kufunguliwa na mtu asiye na mafunzo.

Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi wanachama wa itifaki hiyo zilikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la R-410A. Makubaliano hayo, yanayoitwa Marekebisho ya Kigali, yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Nchini Marekani, Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, kazi ya kufungua mfumo wa gesi huruhusiwa kufanywa na mtu mwenye cheti tu.

Afrika Mashariki

Kiyoyozi cha ukutani kinachotumika Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ni pampu ya joto inayofanya kazi upande mmoja, na baadhi yake zina uwezo wa kupasha pia. Dalili za upungufu wa gesi, barafu ya ndani, maji yanayodondoka na kapasita iliyokufa ni zilezile.

Mambo mawili huongeza uharibifu. La kwanza ni hewa ya chumvi ya pwani, ambayo hula mapezi ya alumini ya koili ya nje. Kuosha koili kwa maji baridi mara kwa mara hupunguza athari hiyo. La pili ni umeme unaopanda, kushuka na kukatika. Kifaa cha kulinda umeme, kinachochelewesha kuwaka kwa mashine baada ya umeme kurudi, huilinda kompresa. Nchini Tanzania, mafunzo ya ufundi wa majokofu na viyoyozi hutolewa na vyuo vya VETA.

Tazama pia

* Friji
* Kiyoyozi
* Itifaki ya Montreal
* Thermodinamikia